Chambo Kikubwa cha Ufukwe wa Jumeirah

Ninaandika nimesimama. Kiti kipo, kizuri, cha mninga, nimekinunua mwenyewe, lakini nikikaa kidogo miguu inaanza kucheza chini ya meza kama ya mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Tangu nirudi Tanga majirani wote wananiambia neno moja: pumzika, Mwanaidi, umefanya kazi ya kutosha. Nikipumzika nafagia. Nikimaliza kufagia natoka, nashuka pwani, na huko ndiko ninakowaona nyinyi vijana.

Nawaona mkirusha. Fimbo mnazo nzuri kuliko za kwetu wakati ule, mshipi wa kusuka usiokatika ovyo, na simu inayowaambia saa ya maji kujaa na kupwa. Halafu mwisho wa mshipi mmefunga kijichambo cha plastiki kama punje ya karanga. Mnakirusha mbali hadi kinapotea machoni, mnakikunja mbio, mnakirusha tena. Mkipata kolekole wa kuenea kiganjani mnampiga picha kama bwana harusi. Nimejizuia tangu nilipofika. Leo nasema.

Kwanza mjue anayesema ni nani. Mimi nina diploma ya uvuvi. Ipo sebuleni, nimeitia kioo, anayetaka kuiona aje avue viatu mlangoni. Nimefanya kazi Dubai, kwanza muuzaji katika duka la vifaa vya uvuvi, kisha mwalimu wa kuvua kutoka ufukweni, na katika miaka yangu yote sikukutana na mwanamke mwingine Mwafrika katika kazi hiyo. Nyumba ya bati la buluu mnayoipita mkienda pwani ni yangu. Sikuachiwa na mume, sikuachiwa na baba. Imejengwa na chambo. Wanaosema najisifu wanasema kweli. Nitafutieni wa kunisifu badala yangu, nami nitanyamaza.

Sasa, chambo.

Duka letu lilikuwa Deira, mtaa wa nyuma ya gati, pale magodoro na majokofu yanapopakiwa kuja Afrika. Mwenyewe alikuwa Harith, mzaliwa wa Dubai ambaye wazee wake walitoka Unguja. Dukani alikuwa arbab, yaani bwana mkubwa, na akitoa amri kwa Kiarabu hata feni ilizunguka kwa adabu. Mama yake, Bi Zuwena, akiingia na birika lake la kahawa na visheti, arbab anageuka mtoto wa Unguja anayeulizwa kwa nini hajala.

Harith alinichukua kwa sababu wanawake walikuwa wameanza kuja dukani. Walitaka kujifunza kuvua, na hawakutaka mwanamume wa kusimama nyuma yao akiwashika viwiko. Lakini kazi ya kufundisha hakunipa. Alinipa kitambaa cha kufutia vumbi na rafu za kupanga. Nilizipanga nikihisi mikono inaniwasha.

Siku zangu za mapumziko nilikwenda soko la samaki, si kununua, kuangalia. Chuoni tulifundishwa kwamba ukitaka kujua samaki anataka nini, usimuulize mvuvi, lipasue tumbo la samaki. Basi nikajifanya rafiki wa wasafishaji pale. Kila pandu mkubwa aliyepasuliwa (pandu mnamjua, yule mrefu mwembamba wa fedha anayeruka juu ya maji), nilikuwa nyuma ya bega la msafishaji nikichungulia. Nikaona mkizi mzima ndani ya tumbo. Si kipande, mkizi mzima, mrefu kupita kiganja changu na vidole. Siku nyingine tena. Siku nyingine wawili.

Nikarudi dukani nikamwambia Harith, "Arbab, tunawauzia watu karanga, na samaki wanakula mikate."

"Mikate gani?"

Nikamwonyesha kwenye simu: samaki wa mbao, mrefu kuanzia ncha ya kidole hadi karibu na kiwiko, anayeelea, mwenye ndoana nzito mbili. Akacheka. Nikamweleza matumbo. Nikaitaja diploma. Nadhani aliagiza ili ninyamaze. Likaja boksi zima.

Nikawatundika ukuta wa nyuma, wakubwa kwa wadogo, na wateja wakaja kuwatazama kama wanyama wa bustani. "Sister, hiki ni cha kuvulia au cha kumpigia samaki kichwani?" Mkenya mmoja mlinzi alimpima mmoja na mguu wake. "Hii ni size yangu ya kiatu, aki. Kingine kiko wapi?" Hawakununua. Vumbi likaanza kuwakalia, na nikawa nalifuta mimi mwenyewe.

Aliyemtoa wa kwanza ukutani alikuwa Bi Zuwena. Alimgeuza mkononi, akamnusa, akasema, "Hichi ndicho chambo. Hivyo vyengine ni vya kutia masikioni."

Harith hakucheka tena. Jioni ile aliniita pembeni.

"Mwanaidi, viza yako inamalizika baada ya Ramadhani. Nimejaza ukuta wangu mbao kwa ajili yako. Ukipata samaki mmoja wa maana kwa kitu kile, machoni pangu, unabaki, tena unabaki mwalimu. Usipopata, khalas, imekwisha, nakukatia tiketi na tunabaki ndugu."

"Na nyumba yangu, arbab?"

"Ina nini nyumba yako?"

"Haina paa."

"Inshallah mvua itachelewa," akasema, akazima taa.

Vijana, hapo ndipo mlipo nyinyi wengi mnaosafiri. Kuta zimesimama, paa bado, na mtu mmoja ana kalamu mkononi. Msinione leo nafunga dirisha mvua ikinyesha mkadhani nilizaliwa nalo.

Mara ya kwanza nilipomwonyesha Harith ilikuwa siku ya shamali, ule upepo wa kaskazini unaoivuruga bahari ya kule hadi mawimbi yanapiga ufukweni kwa kelele. Siku kama hiyo ndiyo nzuri. Maji yanachafuka, mikizi wanasukumwa karibu na mchanga, na wakubwa wanawafuata. Tulikuwa Jumeirah, sehemu iliyoruhusiwa kuvua, kibali changu mfukoni. Nikajipanga, nikaivuta fimbo nyuma kwa nguvu zangu zote, nikarusha.

Chambo hakikwenda. Nyuma yangu nikasikia Kiarabu ambacho sikufundishwa dukani. Nikageuka. Chambo kimesimama hewani kwenye mshipi, na kwenye ndoana yake kinapepea kitambaa cheupe cha kichwani cha arbab. Kichwa chenyewe kilikuwa salama, alhamdulillahi, ila wazi.

Bi Zuwena alikuwa garini, dirisha chini. "Mwanaidi!" akaita. "Huyo ni mwanangu. Huyo hahesabiwi!"

Basi lishikeni hili. Chambo cha uzito ule si karanga. Kabla hujarusha, geuka utazame nyuma, kila mara, hata kama uliangalia sasa hivi. Na toeni zile ndoana za pembe tatu zinazokuja nacho, tieni ndoana moja moja, nzito, na mbinye ule mwiba wake mdogo kwa koleo. Samaki utampoteza mmoja mmoja, lakini utarudi nyumbani na masikio yote.

Nilipangishwa kitanda mtaa wa Al Nahda, wanawake sita chumba kimoja. Wa kitanda cha juu yangu alikuwa Nakato, Mganda, mlinzi wa duka kubwa la nguo, mcha Mungu na mwenye mdomo. Kwa kuwa sikuweza kutulia, nilijaza maji hodhi la kuogea bafuni nikawa nawajaribu samaki wangu wa mbao, nani anaelea sawa, nani analalia ubavu. Nakato akagonga mlango.

"Mwanaidi, utatoka leo ama tukuletee godoro?"

"Nafanya utafiti."

"Utafiti! Sisi tunataka kuoga, wewe unaogesha ubao." Akaingia, akafungua bomba anawe uso. Maji yakasukasuka. Akapiga kelele. "Yesu wangu! Kanapumua!"

Nikatazama. Hakuna aliyekuwa anakivuta chambo. Kilikuwa kimelala juu ya maji, na maji ya bomba yakikipita, mkia unatikisika kushoto na kulia, polepole, kama samaki aliyechoka. Nikasema ni kazi nzuri ya fundi, nikakitoa, Nakato akaoga. Niliona kwa macho yangu na bado sikuona. Nilikuwa na mambo mengi kichwani, na paa lilikuwa mojawapo.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani, Harith alisema anakuja tena, na kwamba hatakuja mara ya tatu. Alisimama kando ya gari na chai yake, mbali kabisa na fimbo yangu, kofia imebanwa kichwani. Jua lilikuwa linatoka nyuma ya majengo. Shamali ilikuwa imepiga siku nzima iliyopita na sasa imelegea, mawimbi bado yapo.

Nikafanya kazi. Niliona aibu kukaa bure mbele yake, kwa hiyo nilirusha, nikakunja mbio, nikarusha, nikakunja. Kwetu ukivua kwa mshipi wa mkono, mkono ndiyo akili yako, ukiulaza umelala. Chambo kilikuwa kinapasua maji kama pikipiki. Mabega yakawaka moto. Kila nilipogeuka kutazama nyuma namwona Harith akitazama saa.

"Yalla, twende, Mwanaidi. Jua linakuwa kali."

Nikarusha tena. Mkono ulikuwa umechoka, chambo kikaangukia karibu, kwenye ule mfereji ambapo wimbi linavunjika na kurudi, hatua chache tu kutoka miguuni. Nilitaka kukikunja haraka nifiche aibu. Wakati huohuo nikasikia fimbo ya kutembelea ikichoma mchanga. Bi Zuwena alikuwa ameshuka garini na kunifikia, buibui limejaa upepo, na ameninyooshea mkono.

Sasa mimi ni mtu wa Tanga. Mzee wa umri ule akininyooshea mkono siwezi kumpa wa kushoto, wala siwezi kumpa kidole kimoja huku nikikunja mshipi. Nikaibana fimbo katikati ya magoti, nikaupokea mkono wake kwa mikono miwili, nikainama.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, Bi."

"Na Tanga, wote hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

"Mama!" Harith akaita. "Mwache, yuko kazini!"

"Na mimi ni nini, ukuta?" akajibu bila kugeuka. "Enhe, na yule mdogo wako aliyejifungua?"

Sikumjibu, kwa sababu fimbo ilinitoka magotini.

Ilitoka kama iliyoitwa. Maji mbele yetu yalifunguka, pakasikika sauti kama mlango unaofungwa na upepo, na fimbo ikawa inateleza juu ya mchanga kuelekea baharini. Niliruka nikakosa. Bi Zuwena hakuruka. Aliikanyaga kwa mguu, akainama, akainyanyua.

"Nipe, Bi!"

"Nikupe nini? Keshakuwa wangu!"

"Usimkaze! Mwache akimbie, mshipi utatoka wenyewe!"

"Anakimbia, anakimbia! Harith, mwanangu, njoo umuone!"

Pandu akaruka. Mrefu kama mkono wote wa mtu mzima na zaidi, fedha tupu, na kwenye kona ya mdomo wake ule mkate wangu wa mbao. Akaruka tena. Harith alikuwa amekwisha tupa chai. Alitupita akaingia majini na kanzu yake nyeupe hadi magotini, mikono mbele.

"Arbab, toka!" nikapiga kelele. "Ana miiba yenye sumu mgongoni na chini ya tumbo! Toka!"

Na arbab akatoka. Nimewaambia wengi hadithi hii, na hapo ndipo ninaposimama kidogo ili waelewe: nilimwamuru, akatoka.

Samaki wa ufukweni hatolewi kwa kuvutwa. Anayemvuta wimbi likirudi nyuma anapambana na bahari nzima, na ndoana inachanika. Nilisimama nyuma ya Bi Zuwena nikamshika viwiko. "Ngoja. Ngoja. Wimbi hilo linakuja, rudi nyuma sasa, tembea, tembea." Alirudi nyuma kwa hatua za bibi harusi, wimbi likamleta pandu mchangani likamwacha hapo, likaondoka bila yeye.

Bi Zuwena alikaa chini kwenye mchanga, akicheka na kuhema. Mimi nilimtazama Harith. Kanzu imelowa, kofia haipo.

"Bahati," akasema.

"Arbab, umeona kwa macho yako."

"Nimeona. Kampata mama, siyo wewe. Na wewe ulikuwa unasalimiana."

"Basi niandikie viza mimi," Bi Zuwena akasema kutoka chini. "Niwe mfanyakazi wako. Nione kama utaniambia khalas."

"Mama, nimesema neno langu. Samaki wake, kwa mkono wake."

Wengine wangelia. Mimi nilijisikia nimeamka. Chuoni jambo likitokea mara moja tulilirudia, kwa sababu lililotokea mara moja ni kisa tu. Nikasimama nikafikiri: nini kilikuwa tofauti? Chambo kilekile. Bahari ileile. Kilichobadilika ni kwamba kilianguka karibu na hakuna aliyekigusa. Nikaliona bafu la Al Nahda, nikamsikia Nakato. Kanapumua. Mkizi mzima, mkubwa, aliyechoka kwa shamali, hakimbii kama pikipiki. Anayumba kwenye mfereji pale wimbi linaporudi, na pandu anapita palepale kumtafuta.

"Narudia," nikasema.

Nikatazama nyuma. Nikarusha karibu, bila nguvu, kwenye mfereji uleule. Nikaacha.

Ndugu zangu, hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama kuacha. Mikono iliwasha. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye gurudumu la kukunjia mshipi. Nikakirudisha. Kikaenda tena. Harith anatazama, viza inatazama, paa la Tanga lisilokuwepo linatazama.

"Unakitikisa," Bi Zuwena akasema. "Nakuona. Huwezi kutulia wewe."

"Siwezi, Bi."

"Nisaidie niinuke." Nikaibana fimbo magotini, nikamwinua. Hakuniachia mikono. Aliishika yote miwili, kwa nguvu ambazo sikuzijua, akanitazama usoni. "Haya. Niamkie tena."

"Bi?"

"Niamkie, nimekwambia."

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Umeamkaje? Kulikucha vipi? Yule mdogo wako aliyejifungua, kapata nini?"

"Mtoto wa kike."

"Mashallah. Wamempa jina gani?"

Aliniuliza habari za ukoo mzima, mmoja mmoja, mikono yangu ikiwa ndani ya yake. Tulimaliza wajomba tukaingia kwa mashangazi. Harith alikaa chini mchangani mwenyewe. Tulikuwa kwa shangazi wa Pangani na mguu wake unaomsumbua fimbo ilipopiga goti langu.

Safari hii Bi Zuwena aliniachia. Huyu alikuwa mdogo kuliko wa kwanza, sitawadanganya, lakini alikuwa samaki wa maana kwa kipimo cha yeyote, na nilimtoa kwa mkono wangu, nikilisubiri wimbi, machoni pa arbab. Nilimlaza karibu na mwenzake.

Harith aliinuka, akakung'uta mchanga kwenye kanzu. Kisha akamsaidia mama yake kwenda garini. Kabla hajafunga mlango akasema, "Kesho fungua duka mapema. Na uwateremshe wale kutoka ukuta wa nyuma. Watu wakiingia wawaone kwanza."

Nilibaki miaka mingi. Nilifundisha wanawake wa Jumeirah kuvua kwa chambo cha urefu wa mkono, na njia niliyowafundisha ni hiyohiyo: rusha karibu, acha, bana fimbo kwa magoti, msalimie mwenzako. Salamu za kule, mnaojua mnajua, hazina mwisho. Utaulizwa afya, nyumba, wazazi, watoto, kisha afya tena. Zinatosha kabisa. Waume waliokuja kutazama walidhani tunapiga soga. Waliacha kudhani walipoona jokofu la samaki limejaa.

Nakato alimaliza mkataba wake akarudi Masaka, naye bado ananiambia kwa simu kwamba ule utafiti ulikuwa wake. Simjibu. Harith amewaachia wanawe duka. Bi Zuwena yupo, macho yamepungua, sauti haijapungua. Kila Ijumaa ananitumia ujumbe wa sauti, na swali ni moja: "Mwanaidi, umetulia?" Namjibu natulia, inshallah, huku nazunguka ua.

Paa liliwekwa. Nimekwisha kusema ni la bati la buluu.

Yule samaki wa mbao wa Ijumaa ile ninaye, rangi imekwisha, meno ya pandu yameacha mistari ubavuni. Leo alasiri maji yakianza kujaa nitateremka naye pwani, maana nimeandika hadi hapa na bado sijaweza kukaa. Mtakuwepo na karanga zenu. Mmoja wenu ataniazima fimbo, na atakayeniazima ndiye nitakayemfungia chambo hiki mwenyewe na kumrudishia. Atarusha pale karibu, kwenye povu. Kisha nitamfikia na kumnyooshea mkono.

Abane fimbo kwa magoti, aniamkie kwa mikono miwili, na asione haya kunishika kwa nguvu. Nitaitikia polepole. Nitauliza habari za ukoo wake mzima.